Kuongeza chumba pembeni ya nyumba ya kambi: mambo ya kupanga mbele ya kununua tofali ya kwanza



Leo nataka tuongee juu ya kitu chenye wengi wetu tunakiishi kila siku lakini hatukiandiki: nyumba ya wazazi imekuwa ndogo. Umemaliza lisansi, kazi bado, ao kazi iko lakini mshahara hautoshi kulipa nyumba ya kupanga na garanti yake. Dada amerudi na watoto. Mdogo ameingia inivasite. Baba ameenda retreti, anashinda nyumbani. Kila mutu anaangalia ile nafasi ya pembeni, kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa lupango, anasema: "Pale chumba moja inaweza kusimama." Kweli, inaweza. Lakini tujiulize: chumba cha namna gani, na kitaifanya nini nyumba yenye iko tayari?

Mimi nilisomea agronomia, hapana ujenzi. Sitachukua kazi ya masoni wala ya arshitekti. Lakini kupima nafasi, kusoma udongo, kufuata njia ya maji na kuhesabu mbele ya kutoa feza ni mambo tulifundishwa kwa ajili ya mashamba, na mu lupango yanatumika vilevile. Kwetu sasa tuko mu mpango huo: nyumba ya wazazi iko mwisho wa mstari mu kambi moja ya zamani ya Lubumbashi, na tunatafuta namna ya kumpatia dada na watoto wake wawili mahali pa kulala. Vipimo nitakavyotoa hapa ni vya kwetu. Wewe utaweka vyako.

1. Nyumba yako iko wapi mu mstari?

Makambi mengi ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi yalijengwa na makampuni kwa ajili ya wafanyakazi. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, na kisha mali yake ikapita mikononi mwa Serikali, mpaka tukafika kwa jina tunalolijua wote, Gécamines. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, na kuko zenye zinagawana ukuta: mbili mbili kama mapacha, ao zaidi.

Hapo njo hesabu inaanza. Kama nyumba yako iko katikati, kuta zako mbili za pembeni ni za kugawana na jirani. Wewe hauna "pembeni". Uko na mbele na nyuma tu, na mpango wako utakuwa wa kuongeza nyuma. Kama uko mwisho wa mstari, ao nyumba yenu ni pacha, uko na ukuta mmoja wenye unaangalia lupango lako. Ule ukuta ni wenu peke yenu, na juu yake unaweza kuegemeza chumba.

Usichanganye ukuta wa nyumba na ukuta wa lupango. Ukuta wa lupango mara nyingi ni wa kugawana, ao ni wa jirani kabisa, na ulijengwa kwa kuzuia watu, hapana kwa kubeba paa. Fondasio yake ni ndogo. Kuweka mbao za paa juu yake ni kutafuta nyufa, na tena kutafuta maneno na jirani.

2. Pima nafasi, kisha pima maisha

Kwetu, toka ukuta wa nyumba mpaka ukuta wa lupango kuko metre 3,50. Nyumba iko na metre 8 toka mbele mpaka nyuma. Mutu wa haraka atasema: tujenge mpaka kwenye ukuta wa lupango. Tofali ya santimetre 15, ukiongeza kreposi pande mbili, inakula karibu santimetre 19. Ndani kunabaki metre 3,31. Kwa urefu wa metre 4, chumba kinakuwa na metre za mraba 13 na kidogo. Inaonekana muzuri.

Lakini fikiria kile chenye kinapotea. Utapita wapi kuenda nyuma bila kupita mu saloni? Mashini ya kuvuta fosi itapitisha wapi tiyo yake? Ule ukuta mpya, upande wenye umegusana na ukuta wa lupango, masoni ataupakaje kreposi? Hataweza kuufikia. Miaka yote utakunywa maji ya mvua bila wewe kuona. Na siku ya matanga, watu wanaingia kwa mamia, viti vinapita, masufuria yanapita, mbabula zinawaka nyuma: nyumba bila njia ya pembeni inakuwa chupa yenye kifuniko.

Sisi tumeacha njia ya santimetre 90. Ndani kunabaki metre 2,40. Kwa urefu wa metre 4, hiyo ni metre za mraba 9,6. Tumepoteza karibu metre za mraba 3,6 na tumebaki na nyumba yenye inapumua.

Metre 2,40 inatosha? Usijibu kwa macho. Chukua vijiti vinne na kamba, chora chumba chini kwa kipimo chake cha ndani, kisha lete matelà ya kweli uilaze pale. Kitanda cha metre 1,40 kwa 1,90 na kitanda cha gorofa cha watoto, chenye urefu wa 1,90, vikifuatana kwa ukuta wa nje, vinachukua metre 3,80 ya zile 4. Mbele yao kunabaki metre 1 ya kupita na kufungua mlango. Ni kidogo, lakini mama na watoto wawili wanalala, na hakuna mutu anayeruka juu ya mwingine usiku. Acha kamba pale wiki moja. Watu wa nyumbani wapite, walalamike, waseme. Malalamiko ya kamba hayana bei, lakini yale ya ukuta uliosimama utayalipa.

3. Usifungie wengine mwanga

Kosa lenye linaonekana sana mu makambi ni hili: chumba kipya kinapata dirisha, na chumba cha zamani kinapoteza lake. Mutu alikuwa na dirisha lenye linaangalia nje, sasa linaangalia ndani ya chumba cha mwingine. Hewa haipiti, ukungu unapanda ku kuta, nguo zinanuka. Mu miezi ya baridi, Juni na Julai, watu wanaingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Makala yenye yanawaka mahali pasipo hewa yanatoa gazi yenye haina harufu wala rangi, na yenye inaua watu wakiwa mu usingizi. Kwa hiyo dirisha ni swala la uhai.

Kanuni yangu ni fupi: kila chumba cha kulala, kipya na cha zamani, kibaki na dirisha moja lenye linafunguka nje.

Nyumba yetu iko na sehemu tatu: saloni mbele, kipande cha kati mahali tunakulia, na chumba nyuma. Kila sehemu iko na dirisha la pembeni. Tumeweka chumba kipya katikati ya ule ukuta wa metre 8: metre 2 zinabaki wazi mbele, metre 4 za chumba, metre 2 zinabaki wazi nyuma. Saloni inabaki na dirisha, chumba cha nyuma kinabaki na dirisha. Dirisha la kati peke yake linafungwa, na lile njo linakuwa mlango. Hapo kuko faida mbili. Moja, kipande cha kati ni pa kupita na kula, hapana pa kulala, na mwanga wa saloni unakifikia. Mbili, juu ya dirisha tayari kuko lento, ule mhimili wenye unabeba tofali za juu. Ukivunja chini ya dirisha tu, bila kupanua, hauhitaji kukata ukuta mahali pengine. Kukata ukuta wa zamani bila kuweka lento kwanza ni kuita paa lishuke.

Madirisha ya chumba kipya hatukuyaweka upande wa jirani. Tumeyaweka kwenye kuta mbili fupi, moja linaangalia mbele, lingine nyuma. Hewa inaingia huku inatoka kule, na hakuna mutu anayeangalia lupango la wengine.

Fikiria na jua. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, karibu digri 11 na nusu. Sehemu kubwa ya mwaka jua la saa sita liko upande wa kaskazini. Lakini lenye linatesa ni la magharibi: Septemba na Oktoba, mbele ya mvua kuanza, ukuta wenye unaangalia magharibi unakunywa jua mchana wote na kulirudisha ndani usiku. Kama pembeni yako ni magharibi, ongeza kivuli: paa litoke mbele kidogo, ao panda mti mdogo wa kukwea. Usiweke dirisha kubwa pale.

4. Paa njo linaamua

Watu wanaanza na kuta, kisha wanatafuta paa la kuvalisha. Mimi nasema anza na paa, juu paa linakuambia ukuta uwe na urefu gani.

Chukua mfano. Mwisho wa paa la nyumba uko metre 2,60 toka chini. Chumba kinatoka nje karibu metre 2,60 ukihesabu na ukuta. Manjanja (mabati) ya mawimbi yanahitaji mteremko. Ukiweka digri 15, kila metre 1 paa linashuka karibu santimetre 27. Kwa metre 2,60 linashuka santimetre 70. Ukuta wa nje utabaki na metre 1,90. Mutu mzima atagusa paa kwa kichwa. Hapo masoni atasema: "Tulaze paa kidogo, hakuna shida." Shida iko. Manjanja yenye imelala sana, mvua ikija na upepo, maji yanarudi nyuma kwenye maungio na kuingia ndani.

Kwa hiyo angalia ukuta wako wa pembeni kwa juu. Kama paa la nyumba linashuka upande ule, uko kwenye shida niliyosema: utalazimika kufungua sehemu ya paa la zamani na kulipandisha, na hiyo ni bei nyingine. Kama ukuta wenyewe unapanda mpaka ncha ya paa, kama pembe tatu, ni pinyo, na uko na bahati. Paa jipya linaweza kuanzia juu zaidi. Kwetu ni pinyo. Metre 2 toka kila kona, ukuta unapita metre 3,10. Tunaweza kuanzia paa ku metre 3,00 na kumalizia ku metre 2,30. Na hiyo ni sababu ya pili ya kuweka chumba katikati: kwenye kona, pinyo iko chini, paa jipya lingepita juu ya paa la zamani.

Mahali paa jipya linakutana na ukuta wa zamani njo mahali maji yatatafuta kuingia. Simenti ya kupaka tu juu ya maungio inapasuka mwaka wa kwanza, juu chuma kinatanuka na jua, ukuta hautanuki sawa nacho. Mwambie fundi akate mfereji mdogo mu ukuta, santimetre 2 ao 3, aingize ubao wa chuma kilichokunjwa wenye unashuka juu ya manjanja. Unaitwa solini. Ni kitu kidogo, lakini bila hiyo kila Novemba utakuwa unaweka beseni chini.

Kisha hesabu maji. Milimetre 1 ya mvua juu ya metre 1 ya mraba ni litre 1. Lubumbashi inapata karibu milimetre 1200 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Machi. Paa letu jipya litakuwa na metre za mraba 14. Hiyo ni litre 16 800 kwa mwaka. Mvua moja kali ya milimetre 40 inaleta litre 560, karibu futi tatu za litre 200, na zote zinaanguka kwenye njia ya santimetre 90, kati ya fondasio yako na ukuta wa jirani. Bila gutiere, maji yatachimba chini ya kuta zote mbili. Weka gutiere, yapeleke mbele ao nyuma, jaza futi, na yale ya kuzidi yapate mfereji wa kutoka mpaka barabarani. Mimi nitayatumia kwa lengalenga na matembele nyuma ya nyumba. Maji yenye unayamwaga kwa jirani yatarudi kama kesi.

5. Udongo: usimuamini kwa rangi

Udongo mwekundu wa kwetu unasifiwa kuwa mgumu, na mara nyingi ni kweli. Lakini mu lupango la kambi kuko miaka sitini ao zaidi ya maisha: mashimo ya takataka yaliyofunikwa, choo cha zamani, tiyo ya maji, fosi septiki, shina la mwembe lililokatwa. Nafasi ya pembeni njo mahali watu walificha hivi vyote. Uliza wazee wa avenue mbele ya kuchimba. Mama mmoja mwenye kukaa pale toka zamani anajua zaidi kuliko plani.

Chimba shimo la kujaribu, metre 1 kwenda chini, kila kona. Udongo wa juu wenye mizizi na weusi wa majani yaliyooza haubebi ukuta, unatolewa wote. Ukikuta makala, chupa, ao udongo unaochimbika kwa mkono, uko juu ya shimo la zamani: endelea chini mpaka ugumu. Chukua udongo wa chini, weka mu chupa nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha. Mchanga unashuka kwa dakika moja. Vumbi laini linafuata mu masaa. Udongo wa mfinyanzi unabaki ukichelewa, hata siku nzima. Kama tabaka la mfinyanzi ni kubwa sana, ao kama uko karibu na dembo, ule udongo mweusi wenye unapasuka wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, usijenge bila mutu wa kazi kuja kuona. Fondasio ya kawaida haitashika pale.

Na mti? Mwembe ao avoka karibu na fondasio unakunywa maji chini ya ukuta na kusukuma kwa mizizi. Ukiukata na kuacha shina, shina linaoza, linaacha tupu, na mchwa wanahamia, kisha wanapanda mpaka mbao za paa. Kama lazima ukatwe, toa na shina lote, jaza shimo kwa tabaka na kupiga chini kila tabaka.

Kitu kingine: nyumba ya zamani imeshamaliza kushuka. Chumba kipya bado kitashuka kidogo, milimetre chache, mu mvua ya kwanza na ya pili. Ukizishikanisha kuta kwa nguvu, ufa utachora njia yake pale pale. Waulize mafundi juu ya kuacha joini, nafasi ya santimetre 2 kati ya kuta mpya na ya zamani, inayojazwa kitu laini na kufunikwa. Ufa wenye umepangwa hauogopeshi mutu.

Juu ya tofali: tofali ya kuchoma ni nzuri, lakini kuichoma kunakula miti ya miombo yenye tayari inakimbia mbali na mji. Tofali ya simenti ya santimetre 40 kwa 20, metre 1 ya mraba inachukua 12 na nusu. Kuta zetu tatu, ukitoa madirisha mawili ya metre 1 kwa 1, ni karibu metre za mraba 21. Hiyo ni tofali 260, na kwa kuvunjika tunaongeza kumi kwa mia: tunanunua 290. Ukienda kwa muuzaji na hesabu yako, hakuamulii. Na kama unafyatua mwenyewe, mwagilia tofali maji siku saba chini ya kivuli. Tofali iliyokaushwa kwa jua siku moja inavunjika kwa mkono.

6. Makaratasi

Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wa Congo ni mali ya Serikali. Sisi tuko na haki ya kuutumia. Kwa hiyo swali la kwanza ni: karatasi ya nyumba iko kwa jina la nani? La baba? La babu aliyekufa? La kampuni bado? Kama jina si la mutu mwenye anaishi pale, tengeneza hilo mbele ya chumba. Kisha tafuta mipaka ya kweli ya lupango kwenye karatasi na uipime chini. Ukuta wa lupango si lazima uwe juu ya mpaka.

Kuongeza chumba ni kujenga, na kujenga mu mji kunaomba ruhusa ya kujenga toka kwa sevisi ya urbanisimu. Enda kuuliza ku komini mbele, omba kujua ni umbali gani unatakiwa kuacha na jirani, na upewe risiti ya kila kitu unacholipa. Mwenye kujenga kimya anaishi na woga wa kila mutu mwenye anabeba faili chini ya mkono.

Na jirani? Sheria ao hapana, enda kumuona na plani mkononi. "Mzee, tunataka kufanya hivi, maji yetu yatapita huku, madirisha hayatakuangalia." Dakika kumi za heshima zinaepusha miaka kumi ya kununa.

7. Nani ataita chumba hiki chake?

Hapa njo pagumu kuliko fondasio. Mtoto mmoja anatoa feza, anajenga kwa wazazi, anasema: "Ni kwa ajili ya familia." Wote wanapiga makofi. Kisha baba anakufa. Sheria ya jamaa ya 1 Agosti 1987 inaweka watoto wote kundi la kwanza la warithi, na wanagawana sawasawa robo tatu ya mali. Mjane anabaki na haki ya kuendelea kuishi mu nyumba. Hakuna sentensi yenye inasema kwamba aliyenunua manjanja anapata zaidi. Chumba kimeshakuwa sehemu ya nyumba. Yule aliyejenga anasema "ni changu", wengine wanasema "ni ya baba", na kila mmoja ana sababu yake. Hapo ndugu wanaacha kusalimiana.

Dawa yake ni karatasi moja, iandikwe wazazi wakiwa wazima. Mimi na kaka yangu mkubwa tunatoa feza, dada atalala pale. Tumekaa na wazazi na ndugu wote, na tumeandika mambo manne: nani anatoa feza ngapi, feza hii ni zawadi ao deni, nani atatumia chumba na mpaka lini, na nini itafanyika kama nyumba itauzwa. Kwetu tumesema ni zawadi kwa wazazi, na dada anabaki mpaka atakapojipanga. Wengine watasema ni deni lenye litarudishwa mbele ya kugawana. Yote mawili yanawezekana. Chenye hakiwezekani ni kuwaza zawadi huku moyoni unahesabu deni. Kila mutu anatia saini, kisha unapeleka ku komini ao kwa notere kuhakikisha saini.

Mama yetu aliuliza swali lenye sisi basomi hatukuliwaza: "Na mlango wa nje, mutaweka?" Mlango wa nje unabadilisha kila kitu. Bila huo, ni chumba cha familia. Ukiuweka, ni nyumba ndogo yenye inaweza kupangishwa, na kesho mmoja atataka mpangaji, mwingine hatataka. Tumekubaliana bila mlango wa nje.

8. Majira na feza

Usianze na feza ya kuta tu. Kuta bila paa mu mvua ya Novemba zinaweza kuharibika. Kama feza ni kidogo, igawanye hivi: fondasio kwanza, na ukipenda isimame hapo mwaka mzima, haiharibiki. Kisha kuta na paa pamoja, mu kipindi kimoja cha jua. Kreposi ya ndani, plafo na rangi vinaweza kungoja hata miaka miwili. Watu wanalala bila rangi. Kuchimba ni Aprili ao Mei, mvua ikiisha. Kuta Juni mpaka Agosti. Paa na gutiere ziwe zimemalizika mwisho wa Septemba.

Na fundi usimlipe yote mbele, wala yote nyuma. Lipa kwa hatua zenye unaweza kuona kwa macho: fondasio imefika usawa, kuta zimefika lento, paa limefunga. Andika hatua hizo kwenye daftari, wote mutie saini. Vifaa nunua mwenyewe ao na mutu wa familia, kidogo kidogo, lakini simenti usiiweke miezi: mu stoo yenye unyevu inageuka jiwe mu mfuko wake.

Mimi sasa niko kwenye kamba na vijiti. Dada ameshalaza matelà mara mbili, amesogeza kitanda cha watoto kwenye kona nyingine, na baba amesema njia ya santimetre 90 inatosha baiskeli yake. Jirani ameona plani, ameuliza tu juu ya gutiere. Faili iko ku komini. Mashimo ya kujaribu tunachimba mvua ikiisha, na udongo njo utasema neno la mwisho.